Lundo Nje ya Ua

Mwaka 2017, mvua ndefu zilipokuwa zimechelewa hata watu wakaacha kuzitaja, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Nilikuwa mjane wa mwaka wa pili. Ukutani, juu ya redio, nilikuwa nimetundika cheti cha kidato cha nne nilichokipata nikiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya kusoma katika darasa la watu wazima pamoja na wanawake waliokuja na watoto mgongoni. Ninakitaja cheti hicho mapema kwa sababu mtu ninayemweleza hapa hakuwahi kukitaja hata mara moja, ingawa kila aliponisemesha alinisemesha kama mtu anayekikumbuka.

Nilimwita Baba Mkubwa, kama watoto wangu walivyomwita, kwa kuwa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Yeye aliniita Mama Njoki, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kwa miaka ile yote hatukuitana vingine, na sidhani kama lipo jina jingine ambalo lingeweza kubeba yaliyokuwa kati yetu.

Tuliishi upande wa Kieni, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana vizuri kuliko popote na husaidia kidogo kuliko popote. Mimi nilizaliwa Mukurweini, kwenye migomba na kahawa, ambako mtu huchomeka fimbo ardhini ikachipua. Niliolewa huku nikidhani kwamba mkoa mmoja una mvua moja. Shamba lilikuwa bado na jina la baba mkwe, aliyefariki kabla ya kuligawa. Kila mwana alilima kipande alichozoea kulima: Baba Mkubwa katikati, penye boma, mume wangu juu, na kipande cha chini, kando ya kijito kinachokauka, kiliachiwa ndugu wa mwisho, Baba Mdogo, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nakuru na aliyekuja Krismasi tu. Mume wangu alipofariki, mwezi wa Agosti 2015, alizikwa kwenye kona ya juu ya kile kipande chake. Nikabaki nalo kaburi, ng'ombe mmoja, na ardhi ambayo si yangu wala si ya mwingine.

Nilipanda alizeti. Mahindi yalikuwa yametuaibisha misimu mitatu, na mjini Narumoru kulikuwa na mashine ya kukamua mafuta iliyopokea mbegu kutoka kwa yeyote. Alizeti huzamisha mzizi mbali na huvumilia. Lakini hata mvumilivu hula. Udongo wangu ulikuwa umelishwa mbolea ya dukani peke yake kwa miaka mingi; ulikuwa umechacha, umepauka, na maji yaliyoumwagikia yalipita juu yake kama yanayopita juu ya bati. Vichwa vya alizeti vilifunguka vizuri, watu wakasimama barabarani kuvitazama, kisha vikikauka ungevifinya katikati ukute maganda matupu. Mtu wa mashine alipima gunia langu kwa mkono kabla ya kulipeleka kwenye mizani, akaniuliza kama nimemletea mbegu au manyoya.

Siku ya mafunzo iliyoandaliwa uwanjani kwa chifu nilikaa mbele na kuandika kila kitu. Afisa wa kilimo alieleza kwamba wakati wa ukame mbolea ya chumvichumvi peke yake huweza kuunguza mizizi, na kwamba ikizidi, mmea huota majani mengi yanayokunywa maji yasiyokuwepo. Alisema kinachoshika maji ni samadi iliyoiva na mabaki ya mimea. Kwamba udongo uliochacha hutibiwa kwa chokaa ya shamba. Na kwamba vichwa vitupu mara nyingi ni njaa ya madini ya boroni, ambayo mzizi hushindwa kuyavuta udongo ukikauka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake. Nikampigia simu kaka yangu Mukurweini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Aprili 2017, kaka yangu alifika na pikapu iliyojaa samadi ya ng'ombe, nyeusi, iliyoiva, isiyonuka tena. Baba Mkubwa alikuwa amesimama kwenye pengo la ua wa kayaba, ambalo ndilo lililokuwa lango letu sote. Alivaa gambuti. Alivaa gambuti kila siku ya maisha yake niliyomwona, kiangazi na masika, kanisani pia. Akiulizwa alisema kwamba mvua ikimkuta na viatu vya kawaida itadhani haikutarajiwa.

Alisalimu vizuri, akamuuliza kaka yangu habari za wazee wetu, kisha akasema, "Hiyo haiingii."

Kaka yangu alicheka, akidhani ni utani wa mashemeji. "Mzee, hii ni mbolea tu. Si nyumba."

"Nyumba ingekuwa afadhali," alisema Baba Mkubwa. "Nyumba hubomolewa."

Sina budi kueleza, kwa ajili ya wasomaji wa kwingine. Katika ardhi ambayo haijagawanywa, kuna mambo mawili ambayo wazee wa kwetu hawakuruhusu yafanywe na mtu ambaye fungu lake halijatajwa: kupanda mti na kumwaga samadi. Mbolea ya dukani huisha na msimu. Samadi hukaa miaka, na siku ya kugawana aliyeimwaga atasimama aseme, hapa nimelisha mimi. Tena hii ilitoka kwa wazazi wangu; ni kama ukoo wangu ungeingia ndani ya udongo wa ukoo wao. Nilizijua desturi hizo. Sikudhani kwamba bado zilikuwa na meno.

"Mti na samadi ni kitu moja, Mama Njoki," aliniambia mbele ya kaka yangu. "Ukishaweka, hutoki."

Nilimjibu kwamba sina nia ya kutoka. Kaka yangu aliimwaga samadi nje ya ua, kwenye ardhi ya barabara ambayo si ya mtu, akaondoka bila kunywa chai. Lundo likabaki pale.

Watu wengi wameniuliza kwa nini sikuondoka. Wanaouliza ni wale wenye mahali pa kwenda. Mukurweini kaka yangu alikuwa na mke, na mke wa kaka alikuwa na masufuria yake. Zaidi ya hayo, mjane anayeondoka kabla ya ardhi kugawanywa hahesabiwi siku ya kugawanywa. Husemwa kwamba alichoka akaenda kwao. Kuondoka kungekuwa kuachilia fungu la watoto wangu. Kukaa kulikuwa kulima ardhi niliyokatazwa kuilisha. Niliamka kila asubuhi katikati ya mambo hayo mawili, na Baba Mkubwa aliamka upande wa pili wa ua, uliopita pia kati ya nyumba zetu mbili.

Ningependa kusema kwamba alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia uandishi. Hakuwa. Alipokutana nami alimuulizia ng'ombe kwanza, kisha watoto, kisha mimi, na jibu la kila swali alilikumbuka. Ng'ombe alipokataa kula, mwaka wa 2019, alileta mashudu ya alizeti kutoka mashineni, yale mabaki yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, akamlisha kwa mkono huku akimwimbia kwa sauti ndogo. Hakuingia nyumbani mwangu hata siku moja. Alizungumza nami akiwa upande wake wa ua, na ua ule wa kayaba una miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, kwa hiyo tulizoea kuonana vipande vipande: jicho, kofia, mkono unaoeleza jambo.

Alikuwa na sheria za mbolea, na alizihukumu zote kwa swali moja: itakaa au itakwisha? Mbolea ya kupandia iliruhusiwa, kwa kuwa huisha. Alinifundisha hata kuitia kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kwa shimo, kando ya mbegu wala si juu yake, ili ukame usiiunguze. Jambo hilo nilimsikia afisa akilisema mwaka uliofuata kama jambo jipya. Chokaa ya shamba ilikatazwa siku ile ile nilipomsomea kijitabu kilichosema kwamba kazi yake huendelea kwa misimu kadhaa. Nilijilaumu kwa kusoma hadi mwisho. Boroni iliruhusiwa, kwa kuwa ni kidogo sana kiasi kwamba, kwa maneno yake, hata mwizi hangeona aibu kuichukua.

Majivu yalituchukua msimu mzima. Nilidai kwamba majivu ni takataka za jiko na hupeperuka. Yeye alidai kwamba majivu ya kuni zilizokatwa Mukurweini si sawa na ya kuni za hapa. Mwishowe aliyaruhusu, kiganja kimoja kwa shina. Mabua ya alizeti niliyakatakata na kuyatandaza juu ya udongo ili kuuzuia usikauke, nikamwambia kwamba kilichotoka hapo kinarudi hapo. Alitazama kwa muda mrefu kupitia miiba. Alisema, "Hiyo ni haki," akaenda zake. Kunde nilizopanda katikati ya mistari hakuziuliza, ingawa nina hakika alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mizizi ya kunde huacha kitu ardhini.

Hivyo ndivyo tulivyoishi: mimi nikitafuta mlango mdogo, yeye akiwa ameshafika mlangoni kabla yangu. Misimu ya mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 ilikuwa ya ukame uliotuvunja wote. Alizeti yangu ilisimama wakati mahindi ya jirani yalilala, lakini ilisimama kama mtu aliyefunga. Shina jembamba, kichwa kidogo kama sahani ya kikombe. Njoki aliporudi kutoka chuo cha ualimu aliitazama, akaniambia kwamba Baba Mkubwa ananipima ni lini nitachoka. Sikumbishia.

Lundo nje ya ua halikuisha, kwa sababu sikuliacha liishe. Kila asubuhi nilizoa samadi ya ng'ombe wangu, nikapita kwenye pengo la ua mbele ya macho yake, nikaimwaga huko nje. Kama haikuweza kuingia, basi na itoke yote. Maboga yalijiotea juu yake, na wapita njia walichuma. Waendesha bodaboda walipaita pale Kwa Mama Lundo, wakawa wanashusha abiria hapo. Nilijifanya sisikii. Mwanamke mmoja wa kanisani alinishauri niuze. Nilimwambia kwamba sijafikia kuuza kitu ambacho bado sijakitumia.

Yeye mwenyewe alilipita lundo lile kila siku na gambuti zake. Mara moja nilimwona, akidhani hakuna anayemtazama, amechomeka mkono ndani yake hadi kiwiko, ameutoa, ameunusa, na kufuta vidole kwenye nyasi taratibu. Siku iliyofuata aliniambia kupitia ua kwamba nilifunike kwa majani ya migomba, jua linaliua. Majani ya migomba, Kieni! Niliyaagiza Mukurweini.

Marehemu mume wangu alikuwa amenisimulia jambo moja kumhusu, nami sikulitilia maanani wakati huo. Katika ujana wake Baba Mkubwa aliazimwa kipande cha ardhi na watu wa mke wake, upande wa Mweiga. Kilikuwa kipara. Alikilisha samadi ya mbuzi miaka minne, akiibeba kwa gunia mgongoni, mpaka maharagwe yakafunga kama msitu. Mwaka wa tano wenye ardhi walikuja kukitazama, wakakisifu, wakakichukua. Mume wangu aliisimulia habari hiyo kama kichekesho, kwa kuwa familia ilikuwa imeshaigeuza kichekesho. Kingine walichomcheka ni shimo la choo alilolianza kwenye kipande cha chini, kando ya kijito, akaliacha likiwa limefika magotini. Walisema ndilo jambo pekee alilowahi kushindwa kulimaliza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Februari 2023, familia ilikutana kugawana kwa mdomo kabla ya kwenda mahakamani. Baba Mdogo alikuja na gari na viatu vyeupe. Baba Mkubwa alitangaza kwamba mdogo atachagua kwanza, kisha mjane, kisha yeye atachukua kitakachobaki. Nilifahamu kwamba boma lake lilikuwa katikati na hakuna ambaye angeligusa, kwa hiyo uchaguzi ulikuwa kati ya juu na chini.

Tulitembea. Kipande changu, baada ya miaka mitatu ya ukame, kilikuwa cheupe. Vumbi lilipanda hadi kwenye vifundo vya miguu yetu. Baba Mdogo alikipiga teke kidogo.

"Hii si ni majivu tu," alisema. "Mama Njoki ameshaizoea, si abaki nayo."

Watu walicheka kwa adabu. Kule chini, kando ya kijito, nyasi zilikuwa na rangi ya kijani iliyokuwa adimu mwaka ule. Alisimama karibu na lile shimo la choo, lililojaa magugu, akasema kwamba hapo panamtosha. Baba Mkubwa aliuliza mara mbili kama ana hakika. Mara zote mbili alisema ndiyo.

Nami nikapewa majivu. Sikulia mbele yao. Nilichemsha chai na kuwapa. Lakini tangu siku ile nilianza kupanga maneno ambayo ningeyasema mbele ya hakimu, kwa Kiswahili sanifu, nikisimama wima: kwamba nilizuiwa kuilisha ardhi, kisha nikapewa ardhi ile kwa sababu ina njaa. Niliyafanyia mazoezi nikikamua ng'ombe. Nilijua kwamba yangeirudisha kesi nyuma mwaka mmoja au miwili. Niliona afadhali.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, nilikuwa na miaka hamsini. Mvua ndefu zilikuwa zimerudi na kupita, na mji wa Nyeri ulikuwa ndani ya ule ukungu wake wa Juni. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama: Baba Mdogo akizungumza kwa simu mbali kidogo, mimi, na Baba Mkubwa na gambuti zake alizokuwa amezisugua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikaa bega kwa bega bila ua katikati. Niliona kwamba alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso kuliko mwingine.

Alisema bila kunigeukia, "Uko na maneno ya kusema huko ndani."

Nilimjibu kwamba ninayo.

"Siku tulimchimbia ndugu yangu," alisema, "mimi ndiye nilikuwa ndani ya shimo. Vijana walikuwa wamechoka. Nilichimba mpaka kichwa kikapotea ndani, na sikugonga jiwe. Udongo tu, mwekundu, na huko chini bado ulikuwa na unyevu. Na ilikuwa Agosti." Alingoja mlinzi apite. "Kule chini kwa kijito, changarawe iko hapa." Akagusa goti lake.

Ilinichukua muda kulisikia. Mjane hatazami ndani ya shimo, hutazama jeneza. Nilikuwa nimelima juu ya udongo ule peke yangu miaka minane nikiamini kwamba ubaya wake ulikuwa wa kina kama ulivyokuwa wa uso.

"Huo udongo ungenona, wangekuja kuuangalia, kama wale wa Mweiga," alisema.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia?" Sasa alinigeukia. "Mama Njoki, wewe ukijua kitu, uso wako unakisoma kwa sauti."

Nilimuuliza kuhusu ndugu yake, kama alimdanganya. Alisema kwamba Baba Mdogo hataki kulima, anataka kujenga, na mwenye kujenga anahitaji mawe chini ya nyumba. Na kwamba aliuliza mara mbili. Alilisema hilo la mara mbili kama mtu ambaye amekuwa akijiambia.

Wengine wangemshukuru. Mimi nilikuwa nikifikiria vichwa vitupu vya alizeti, na sahani ya kikombe, na Njoki akiniambia kwamba ninapimwa, na asubuhi zote nilizotoka na ndoo mbele ya macho ya mtu aliyejua. Alinilinda, ndiyo. Alinilinda jinsi mtu anavyolinda mbuzi kwa kumfunga. Sikuwa nimepata wakati wa kuamua ni lipi lenye uzito zaidi wakati majina yetu yalipoitwa.

Hakimu alisoma mafungu. Aliuliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi. Nilisimama, kwa kuwa nilikuwa nimejizoeza kusimama, na kila mtu akanitazama. Baba Mkubwa alitazama gambuti zake.

"Sina pingamizi," nilisema.

Muhuri ulipigwa, tukarudi nyumbani kabla ya saa kumi. Nilivua viatu vya mjini. Nilipotoka nje nilimkuta kwenye pengo la ua akiwa na panga, ameshakata kayaba kila upande, pengo limepanuka kiasi cha pikapu kupita. Mikono yake ilikuwa na damu ya miiba. Wilbaro yake ilikuwa imeegeshwa kando ya lundo, koleo likiwa juu yake.

Nilijaza wilbaro mwenyewe. Chini ya maboga samadi ilikuwa nyeusi na laini, na haikuwezekana tena kujua ipi ilitoka Mukurweini na ipi ilitoka kwa ng'ombe wa hapa. Nilipita karibu naye, akasogea. Ulikuwa mwendo wa hatua chache tu, na nilikuwa nimeungoja tangu pikapu ile.

"Anzia kule juu," aliniambia, akionyesha kona ya kaburi kwa panga. "Karibu na yeye."

Nilianzia upande wa chini wa kipande changu, nilipochagua mwenyewe.